Kamera ya Jeshi ni Shahidi wa Nani?

Juma lililopita, baada ya sala ya laasiri, nalikuwa nimeketi barazani na kikombe changu cha kahawa chungu, akaja kijana wa mtaani kwetu, mpiga picha za harusi, tena hodari. Akanisalimu, akaketi, akatoa haja yake.

"Ami, nataka kuomba kazi jeshini. Nasikia huko nako kuna wapiga picha, na wa video pia. Lakini mama amekataa. Ati kazi ya jeshi ni kuua. Mimi namwambia nitashika kamera, sitashika bunduki."

Nikamwambia, "Mwanangu, sikukatazi wala sikutumi. Ila ijue kwanza kazi yenyewe."

Niliyomweleza nayaleta hapa mbele yenu, wasomaji wapenzi, maana wenye watoto wa rika lake ni wengi.

Kwanza, huyo wa kamera ni askari kama wenzake. Uingereza ilipounda kikosi chake cha jeshi cha filamu na picha mwaka 1941, iliwatoa watu katika vikosi vya kawaida, ikawafundisha kazi katika studio za Pinewood karibu na London, ikawapa bastola na kamera, ikawapeleka vitani. Kamera ya filamu ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Mkanda ukisha, mwenyewe aliuandikia maelezo akaupeleka nyuma, ukasafishwe na kukaguliwa na wengine. Picha aliipiga yeye, lakini haikuwa yake. Wapiga picha wa jeshi hilo ndio waliotuachia sura za askari wa KAR, watu wa kwetu, katika vita vya Burma mwaka 1944. Picha hizo zimehifadhiwa hadi leo katika jumba la Imperial War Museum, London.

Basi kazi hii ina heri yake, wala sitaificha. Tarehe 15 Aprili 1945 Waingereza waliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani. Wakakuta watu wapatao 60,000 waliodhoofu kwa njaa na maradhi, na maelfu ya maiti yasiyozikwa. Wapiga picha wa jeshi wakapiga kila kitu, na filamu yao ikaonyeshwa mbele ya mahakama iliyowahukumu walinzi wa kambi hiyo mwaka huo huo. Mtu anaweza kuukana ulimi wa mwenziwe. Kuikana picha ile kulikuwa kugumu.

Lakini ndugu msomaji, ushahidi ule ulikuwa juu ya adui. Kumshuhudia adui ni kwepesi. Jeshi zima linakupigia makofi. Sisi tuliosoma chuoni, tukiwa na mbao zetu mapajani, mwalimu alitufunza katika sura ya Nisaa kwamba ushahidi wa haki husimamishwa hata ukitudhuru wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Nalikuwa mdogo, nikadhani ni maneno ya kuhifadhi tu. Ukubwani ndipo nilipoona uzito wake.

Utazameni uzito huo kwa mfano wa Vietnam. Tarehe 16 Machi 1968 kikosi cha Marekani kiliingia kijiji cha My Lai, na ndani ya saa chache kikaua wanawake, wazee na watoto wachanga. Wavietnam wanahesabu waliokufa kuwa 504. Pamoja na kikosi hicho alikuwako mpiga picha wa jeshi, Sajini Ronald Haeberle. Alikuwa na kamera za jeshi zenye filamu nyeusi na nyeupe, na kamera yake mwenyewe yenye filamu ya rangi. Za jeshi akazikabidhi, na hazikuonyesha mauaji. Za rangi, zenye maiti njiani, akabaki nazo, akarudi nazo kwao. Jeshi likatangaza ushindi juu ya adui.

Zaidi ya mwaka mmoja ukapita. Novemba 1969 picha zile za rangi zikatoka katika gazeti la Plain Dealer la Cleveland, na dunia ikashtuka. Katika wote walioshtakiwa, aliyetiwa hatiani ni afisa mmoja tu, Luteni William Calley, mwaka 1971. Lakini lile neno la ushindi halikusimama tena.

Je, Haeberle tumsifu au tumlaumu? Mwaka 2009 alikiri mwenyewe kwamba ziko picha alizoziharibu, zilizoonyesha askari wenzake wakiua. Basi mtu yule yule alitoa ushahidi na akauficha. Aliwatoa waliouawa, akawasitiri waliowaua. Mimi nasema nusu ile aliyoitoa ilikuwa kubwa kuliko walivyotoa wengi waliokuwa na macho siku ile. Lakini nusu ni nusu, na aliyefiwa hudai haki yake nzima.

Wako watakaonijibu kwamba siri ya jeshi ni amana. Kweli, mahali zilipo bunduki ni siri, na safari ya kikosi ni siri. Damu ya mtoto haiwezi kuwa siri ya mtu. Nyani haoni kundule, na jeshi nalo, kwa kamera zake zote, aghalabu halijitazami. Mwaka 2007 helikopta ya jeshi la Marekani iliua watu kadhaa mjini Baghdad, wakiwamo wafanyakazi wawili wa shirika la habari la Reuters. Video ya tukio hilo ilichukuliwa na helikopta yenyewe, lakini umma haukuiona mpaka ilipovujishwa mwaka 2010. Video ilikuwako, aliyekosekana ni wa kuitoa.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ami, wewe ungaliitoa?"

Sikuweza kumdanganya. Nikiwa mwandishi kijana niliwahi kuletewa picha ya mchuuzi aliyepigwa na wenye mamlaka. Nikaogopa, nikaitia katika mtoto wa meza, nikaandika habari nyingine. Yule mchuuzi alikuja mara mbili kuuliza habari yake. Mara ya tatu hakuja. Tangu hapo nimeandika mengi, lakini hilo sikuliandika, na ndilo ninalolikumbuka.

Nikamwambia, "Nenda ukamwombe mama radhi kwanza. Ukipata ruhusa yake na ukaenda jeshini, macho hayana pazia: utaona. Siku utakapoona ubaya wa wenzako, usisubiri mpaka uwe mzee wa barazani kama mimi ndipo useme."

Akanishukuru, akaondoka. Kahawa yangu ilikuwa imekwisha poa.