Tuhesabu Pamoja: Noti Moja Iliyobaki



Jioni moja vijana watatu walikuja kwangu. Walitoka Misisi kuuza zahabu waliyochimba pamoja. Walikuwa na franga 500,000, zote noti za 500, maana yake noti 1,000. Walihesabu mara tatu. Kila mtu alipata 333, noti moja ikabaki. Wakaanza kuangaliana vibaya: nani ameficha zingine mbili?

Hakuna aliyeficha. Namba yenyewe iko vile. Ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa 3, jumlisha tarakimu zake. Za 1,000 ni 1+0+0+0, jumla 1. Moja haigawanyiki kwa 3, basi na 1,000 haigawanyiki, inabaki 1.

Sababu ni hii. Namba kubwa ni kama nyumba, imejengwa kwa matofali. Matofali ni namba tasa: 2, 3, 5, 7 na zingine, ambazo hazigawanyiki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. 1,000 ni 10×10×10, na kila 10 ni 2×5. Tofali la 3 halimo. Hata ukiongeza sufuri mia, unaongeza 2 na 5 tu.

Ninyi wakubwa mnakumbuka noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa nayo walifanya fujo Kinshasa, watu wakafa. Namba ile ilikuwa kubwa, lakini ndani yake mlikuwa na 2 mara sita na 5 mara saba, basi. Watu watatu wakigawana 5,000,000, kila mmoja anapata 1,666,666 na zinabaki 2.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa 3,000,000 za zamani. Hapa tofali la 3 limo. Watu sita wanapata 500,000 kila mmoja, hakuna masalio.

Mwaka 1998 franga ikarudi: moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha 3,000,000 kwa 100,000. Franga moja ilikuwa sawa na zaire za zamani 300,000,000,000! Sufuri kumi na moja. Namba hiyo watatu wanaigawana sawasawa, lakini watu saba hawawezi, kwa sababu tofali la 7 halimo.

Kwa hiyo baba, mama, na ninyi vijana wa mashimo: kabla ya kugawa feza, angalieni kwanza namba na hesabu ya watu. Kama kutakuwa na masalio, mpatane mapema nani atayachukua ao yatafanya kazi gani. Urafiki mwingi umevunjika kwa noti moja ambayo hakuna mtu aliyeiba.

Wale vijana walinunua ndizi kwa ile 500. Tukala wote wanne.