Msafiri Anapokuwa Mkaazi



Ziko kazi zisizomwacha mtu atulie mahali pamoja, na mojawapo ni ya mwandishi wa habari za michezo. Katika visiwa vya Karibi kazi hiyo huzidi safari, kwa kuwa timu ya kriketi ya West Indies haitoki nchi moja: wachezaji wake ni wa Jamaica, Barbados, Antigua, Guyana, Trinidad na kwingineko, nayo hucheza leo kisiwa hiki, kesho kile.

Tuseme basi kijana wa Kiislamu ameipata kazi hiyo, akapanga nyumba Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago. Je, huyo ni msafiri au mkaazi? Swali hili lina uzito, kwani ndani yake mna sala yake, saumu yake na Ijumaa yake.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya safari humkatikia tangu afikapo. Kwa hiyo akiwa Port of Spain atasali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa nne nne, na Ijumaa ni wajibu wake. Akitoka kwenda Barbados au Jamaica ruhusa humrudia njiani, maana masafa hayo yanapita kwa mbali kiasi cha kupunguzia sala. Lakini azingatie jambo hili: mechi kubwa za kriketi huwekewa siku 5. Akifika Jamaica siku moja kabla ya mchezo, na nia yake ni kukaa mpaka siku moja baada yake, huko nako amekuwa mkaazi. Kulala hotelini hakumfanyi mtu msafiri.

Sala ya Adhuhuri haimpi udhia, kwani mchezo husimama kwa chakula cha mchana na tena kwa chai. Ijumaa ndiyo yenye shida. Na aafikiane mapema na mkubwa wake wa kazi, kisha aende Jama Masjid katika mtaa uliokuwa ukiitwa Queen. Huko kibla ni mashariki kwa kuelekea kaskazini, si kaskazini kama tuelekeavyo sisi wa pwani.

Msikitini atawakuta ndugu wengi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, wazao wa Wahindi walioletwa kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Meli yao ya kwanza, Fatel Razack, ilitia nanga tarehe 30 Mei 1845. Hao huhesabu ukaazi kwa siku 15, na Alasiri yao huingia baadaye kuliko yetu. Mgeni asifanye hayo kuwa magomvi. Asali nao na ajifunze kwao. Kwa hesabu ya mwaka 2011 Waislamu walikuwa yapata 5 katika kila watu 100 kisiwani, na juu ya uchache huo Idi ya Ramadhani ni siku ya mapumziko ya taifa zima. Kabla ya Wahindi walikuwako Waislamu wa Kiafrika, Wamandinka, ambao Jonas Mohammed Bath aliwaongoza katika miaka ya 1830. Walipelekwa huko kwa utumwa, na dini yao hawakuiacha. Aliyekwenda kwa hiari na mshahara ana udhuru gani?

Tena kuna kalamu yake. Suratul Hujurat inatuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuipokea, na inatukataza kudharau watu. Mwandishi wa michezo huandika kwa haraka, na uvumi wa wachezaji humfikia kila saa. Asiandike asilolithibitisha, wala asimfanyie dhihaka aliyeshindwa. Na katika karamu za baada ya mchezo, mahali ramu inapomiminwa, achukue maneno anayoyahitaji, kisha aondoke.

Enyi wazazi, mtoto akitaka kusafiri msianze na sanduku. Mfundisheni kwanza hukumu za msafiri na za mkaazi, apate kujua kila asubuhi yeye ni yupi.

Wabillahi tawfiq.