Kadi ya Grafiki: Memwari Kwanza, Mbio Baadaye

Hapa chuoni neno memwari lina maana mbili. Kwanza ni kazi ambayo mwanafunzi anaandika na kuitetea ili amalize masomo. Pili ni nafasi ambamo mashine inaweka kile inachokifanyia kazi. Mwaka huu maana hizo mbili zimekutana. Kikundi chetu cha lugha za Kiafrika kimechanga pesa za kadi moja tu ya grafiki, na mabishano ya kadi gani inunuliwe hayajaisha. Natoa hapa maoni yangu.

Kadi ya michezo ya video ina kazi gani kwa watu wa lugha? Kila aliyenakili masimulizi ya mzee kwa mkono anajua kwamba saa moja ya sauti inakula saa nyingi za daftari. Whisper, programu ambayo OpenAI waliitoa mwaka 2022, inageuza sauti kuwa maandishi. Katika orodha yake ya lugha Kiswahili kimo, Kilingala kimo. Tshiluba na Kikongo, lugha zetu nyingine mbili za taifa, hazimo. Kisanga na Kihemba ndiyo usiseme. Maana yake hatutafuti mashine ya kutumia tu. Tunatafuta mashine ya kufundishia.

Kadi zilizo mezani ni mbili, zote za NVIDIA. GeForce RTX 3060 ilitoka mwaka 2021 kwa dola 329: ina memwari ya gigabaiti 12 na inakula umeme wa wati 170. RTX 4060 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 299: ina gigabaiti 8 na inakula wati 115. Hizo ni bei za Marekani. Hapa kwetu usafiri na ushuru vinaongezeka juu yake. Katika michezo, ile mpya inaishinda ile ya zamani. Wenzangu wengi wanaishia hapo: mpya, nyepesi, ya haraka, basi tununue.

Mimi nasema tununue ile ya zamani. Tufanye hesabu. Modeli ya kati ya Whisper ina vigezo milioni 769. Ukiifundisha yote kwa njia ya kawaida, kila kigezo kinahitaji baiti 16: chenyewe, sahihisho lake, na kumbukumbu mbili za masahihisho yaliyopita. Hiyo ni zaidi ya gigabaiti 12, na kadi zote mbili zinashindwa. Lakini ukizibana zile kumbukumbu mbili kwa baiti moja moja, kigezo kinabaki na baiti 10, jumla karibu gigabaiti 7.7. Kwenye kadi ya 8, sauti yenyewe itakaa wapi? Kwenye kadi ya 12 inapata pa kukaa. Kadi isiyo na mbio inakuchelewesha. Kadi isiyo na nafasi inasimamisha kazi. Aliyechelewa anaweza kuiacha mashine ifanye kazi usiku kucha akaja asubuhi. Aliyekosa nafasi hata akingoja mwezi mzima hapati kitu.

Hoja moja ya wenzangu ni nzito, nayo ni ya umeme. Wati 55 za ziada si mchezo pale ambapo umeme unakatika na tunarudi kwenye jenereta na betri. Lakini kadi inaweza kuwekewa kikomo cha wati kwa amri moja ya programu, ikapoteza mbio kidogo tu. Tena mafunzo yanaweza kuhifadhiwa kila baada ya hatua kadhaa, ili umeme ukirudi tuendelee pale tulipoachia. Wati zinapunguzika. Gigabaiti haziongezeki: zimeunganishwa kwenye kadi kiwandani, hakuna fundi wa mtaani atakayekuongezea.

Sasa tahadhari mbili kwa atakayetumwa dukani. RTX 3060 nyingine ina gigabaiti 8, na jina kwenye boksi ni lile lile. Soma namba ya memwari, usisome jina peke yake. Na ukipewa ya mtumba, iwashwe mbele yako, ifanye kazi nzito nusu saa, uangalie joto na usikilize feni kabla pesa hazijatoka mkononi.

Atakayetaka kucheza baada ya kazi, kadi ya 12 itamchezesha vizuri tu. Lakini pesa hizi zimechangwa kwa ajili ya rekodi, na wazee waliotupa sauti zao hawatungoji. Baadhi ya rekodi tulizo nazo hatuna tena wa kumrudia atufafanulie neno. Nikiulizwa siku ya kupiga kura, mkono wangu uko kwenye 12.