Mashini Inasoma Kibao: Nani Amekiandika?



Kila fundi wa umeme anajua desturi yetu. Kabla ya kugusa mashini anakata umeme, anatia kufuli, anatundika kibao chenye jina lake. Mwenzake akifika hakisii, anasoma. Leo nataka kusema juu ya kibao cha namna nyingine, kile kinachosomwa na mashini yenyewe.

Roboti za viwandani, ile mikono mikubwa ya chuma inayobeba na kuchomelea, kwa miaka mingi zilifuata tu njia iliyopangwa na fundi. Sasa wataalamu wanajaribu kuziweka chini ya akili bandia. Mtu anasema kwa maneno ya kawaida, «chukua sanduku lile, weka hapa», na programu inachagua yenyewe chombo cha kutumia. Vyombo hivyo si nyundo wala koleo. Ni amri ndogo za kompyuta: geuza kiungo, funga mkono, simama. Kwa kawaida akili hiyo haioni ndani ya chombo. Inasoma jina lake na maneno machache yaliyoandikwa kando. Tangu Novemba 2024 kuna utaratibu uitwao Model Context Protocol wa kuonyesha vyombo kwa programu hizi. Humo jina la chombo ni lazima, lakini maelezo yake yanaweza kuachwa. Mimi naona hilo ni kosa pale chombo kinaposogeza chuma.

Tuseme kibao kinasema tu: «Geuza kiungo, toa nambari.» Nambari ya nini? Katika ROS, programu za roboti zilizoanza mwaka 2007, pembe hupimwa kwa radiani. Roboti nyingi za viwandani hupangwa kwa digrii. Akili ikitaka kusogeza mkono digrii 2 tu, ikaandika 2, na chombo kikasoma radiani, mkono utazunguka karibu digrii 115. Aliyeinama pembeni hatapata nafasi ya kuuliza. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo cha anga Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza na nyingine ilingoja vya metriki. Na wale ni watu wenye masomo makubwa!

Lakini linalonitia hofu zaidi ni neno «sawa». Chombo kimeambiwa «simamisha», kinajibu «sawa». Je, maana yake mkono umesimama, au amri imepokelewa tu na mkono bado unakwenda? Kama haikuandikwa, akili itamwambia fundi kwamba roboti imetulia, na fundi ataingia ndani ya uzio.

Waandishi wa programu wengine husema maelezo ni kazi ya ofisi, yataandikwa mwisho. Sikubali. Aandike aliyetengeneza chombo, kisha asome na kutia sahihi mtu aliyesimama kando ya roboti ile: kipimo gani, mwisho wa mwendo uko wapi, amri ikirudiwa mara mbili kunatokea nini. Wala maandishi hayachukui nafasi ya uzio na kibonyezo chekundu, maana kibao hakizuii chuma. Tarehe 25 Januari 1979, huko Flat Rock, Michigan, mkono wa roboti ulimpiga na kumuua Robert Williams, mfanyakazi wa Ford, alipokuwa amepanda kwenye rafu za vyuma. Wakati ule hakukuwa na akili bandia ya kusoma chochote. Familia yake ilikwenda mahakamani kwa sababu ulinzi wa mashini ulikosekana.

Kwa hiyo, siku roboti ya namna hiyo ikiletwa kazini kwetu, kapita aombe karatasi za vyombo vyake kabla ya umeme kuwashwa, kwa lugha tunayoisoma. Zisomwe kwa sauti mbele ya kikosi kizima, na pale penye nambari bila kipimo, kufuli libaki mahali pake.