Bonanza la marehemu lilipie kozi

Mchezaji akifariki, ratiba tunaijua. Dakika moja ya ukimya, kitambaa cheusi mkononi, halafu bonanza la kumuenzi. Bingwa anabeba mbuzi, picha zinapigwa, mwakani hakuna anayekumbuka.

Uingereza kuna tuzo za kumbukumbu za aina nyingine. Fedha za jina la marehemu zinamlipia mwanafunzi wa uhandisi kozi ya nje: kupanda mlima, kupiga kasia, kulala porini. Mtu wa mahesabu anatupwa kwenye baridi na wenzake asiowajua, aone kama anaweza kuongoza na kuongozwa. Msidhani ni utalii. Outward Bound, wakongwe wa kozi hizi, walianza 1941 huko Aberdovey, Wales, wakiwafundisha mabaharia vijana kubaki hai meli ikizamishwa vitani. Baadaye wakafika hadi Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya.

Sisi je? Hela ya jukwaa, muziki na fulana za siku moja tungemlipia dogo wa mtaani kozi ya uamuzi au ya ukocha wa awali. Huyo atapuliza filimbi miaka na miaka, na kila akiulizwa nani alimsomesha, atataja jina la marehemu.

Wataniambia shabiki anataka burudani. Sawa, mpira upigwe, kiingilio kiende kwenye kozi. Na familia iwemo kwenye kamati, siyo kupewa viti vya mbele tu huku hesabu wanazijua wengine.

Viongozi mnaopanga bonanza la mwisho wa msimu, safari hii mbuzi mwacheni zizini.