Ukitaka Kumjua Mshkaji, Safiri Naye

Nyie mnaopanga kukodi Hiace na washkaji, hii ni yenu.

Sisi tulikuwa saba, tunatoka Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, tunarudi Dar kupitia Mbeya. Kyela mjini kila mtu akanunua gunia la mchele, gari likainama nyuma. Sasa, ziwa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari; Tukuyu ni kama mita 1,500. Yaani ni kupanda tu! Kabla ya Tukuyu rejeta ikachemka, mpira wa maji ukapasuka. Mwezi wa 4 huo, mvua ya kule haina adabu.

Hapo ndipo tulipojuana. Bingwa wa kuagiza samaki Matema ghafla hana hata senti. Mwingine kadandia basi, hakuaga. Yule mpole, aliyekuwa kimya safari nzima, ndiye aliyeuza mchele wa mama yake, fundi akalipwa.

Jamani, changeni hela ya matengenezo kabla ya kuondoka, ashike mmoja. Isipotumika, mtaila Mbeya.

Mpole tulimrudishia chake. Wale wawili? Kijiweni hawaonekani!