FUNDI AFUNDISHA, CHETI APEWA MWINGINE



Kuna jambo linalotuuma sana sisi watu wa karakana, na sasa twalisema wazi.

Fundi mmoja wetu amefanya kazi ya mabehewa miaka 22. Akigonga gurudumu kwa nyundo, sikio lake humwambia kama ni zima au lina ufa. Vijana wakitoka chuoni huletwa kwake, naye huwaonyesha breki, na ekseli, na jinsi ya kujilinda na hatari. Halipwi hata senti moja kwa ualimu huo. Mwaka jana ilitangazwa nafasi ya mkufunzi, akaomba. Akajibiwa, "Huna cheti cha ukufunzi." Nafasi akapewa kijana aliyefundishwa naye. Kijana hana kosa, na mpaka leo huja kumwuliza mzee.

Je, hii ni haki?

Wakubwa husema kwamba kujua kazi si kujua kufundisha. Hapo twakubali. Tunao mafundi hodari ambao wakiulizwa jambo hujibu, "Tazama tu." Mkufunzi hana budi ajue kuigawa kazi hatua kwa hatua, na kumpima mwanafunzi kama ameelewa. Mambo hayo yana mafunzo yake na cheti chake. Cheti hatukikatai. Twauliza hivi: kwa nini njia ya kukipata imefungwa kwa mtu wa ovaroli, ikafunguliwa kwa mtu wa tai?

Wasituambie hakuna fedha. Kwa Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, wala haruhusiwi kuzikata katika mshahara wetu. Penye watu 1,000, hizo ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Na mwajiri anayefundisha watu wake aweza kudai arudishiwe gharama katika mfuko huo. Basi kila mmoja wetu huhesabiwa wakati wa kulipa. Wakati wa kupelekwa kusoma, ni nani huhesabiwa?

Wala wasituambie hakuna njia. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hupima mafundi tangu Gredi ya Tatu hata ya Kwanza. Mwaka 2024 Serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini. Tena tangu mwaka 1979 Kenya imeukubali Mkataba Na. 140 wa Shirika la Kazi Duniani, juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Kwa hiyo hatuombi sadaka.

Twataka haya:

1. Fundi anayefundisha wenzake atambuliwe kwa maandishi, na alipwe posho ya kazi hiyo.

2. Apimwe kwa ujuzi alio nao, na afundishwe yale tu yaliyompungukia.

3. Ada ya mtihani ilipwe na mwajiri, na siku za masomo zisikatwe katika mshahara.

4. Akipata cheti, mshahara upande. Cheti cha kutundika ukutani hakinunui unga.

Sasa neno kwetu wenyewe. Wako wenzetu wanaoficha ujuzi, wakidhani kijana akijua atawanyang'anya kazi. Wengine wakiambiwa habari ya mtihani husema, "Mimi nimezeeka." Ndugu, mambo hayo mawili ndiyo silaha ya mwajiri. Ujuzi uliofichwa hufa na mwenyewe, na mtu akataaye kupimwa hawezi kulalamika kwamba hakuonekana.

Kinyozi hajinyoi, twajua. Basi na tunyoane. Anayejua kusoma vizuri amsaidie mzee kujaza fomu, na mzee amfundishe kijana kusikiliza gurudumu. Mpeni mjumbe wa karakana yenu majina ya wote wanaofundisha bila cheti, pamoja na miaka yao ya kazi. Orodha hiyo tutaiweka juu ya meza ya mwajiri, naye atujibu mbele ya wote.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.